Usafi wa gari ndani, kwa hali ya hewa ya kwetu Zanzibar: maswali mnayoniuliza kila siku

Assalaam alaykum jamani. Mimi kazi yangu kusafisha gari, lakini si nje, ndani. Nilianza na gari za kukodi za wageni, zile Escudo na Rav4 zinazorudi kutoka Paje na Nungwi zimejaa mchanga mpaka kwenye tundu za spika, halafu watu wa mjini nao wakaanza kuleta zao. Maswali ni yale yale kila siku, nikaona bora niyaandike pahala pamoja, mtu akipiga simu namtumia hii tu. Sikuyapanga, nimeyaandika nnavyoyakumbuka.

Kitu kimoja nnakisema mapema maana kitarudi rudi humu: hapa kwetu kinachoua gari ndani si uchafu, ni maji yaliyobaki kwenye sponji ya siti na chini ya kapeti. Gari nyingi nnazoletewa zimeharibika na mtu aliyezisafisha.

Nna Noah ndani hapatazamiki, nianzie wapi?

Anza kutoa. Toa kapeti za miguuni, toa risiti, maganda ya njugu, viatu vya watoto, chupa za maji, toa kila kitu mpaka gari ibaki tupu. Usishike ndoo bado. Kazi ya mwanzo yote ni kavu: kung'uta, piga brashi, piga vakyum, kama huna vakyum tumia brashi ya rangi ile ya inchi mbili na ufagio wa mkono, itachukua muda lakini itafanya kazi. Ukimwaga maji juu ya vumbi umetengeneza tope, na tope likishaingia kwenye kitambaa cha siti hilo ni la kwako mpaka uiuze gari.

Halafu unashuka kutoka juu kwenda chini. Paa, vioo, dashibodi, milango, siti, mwisho kule chini. Sabuni ya vyombo inatosha, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, si zaidi, watu wanadhani povu ndo usafi. Kitambara ukikamue mpaka kisidondoke hata tone, ukipangusa na hicho unafuata na cha pili cha maji matupu kutoa sabuni, na cha tatu kikavu. Sabuni ikibaki kwenye plastiki au kwenye siti inanata, na kinachonata kinashika vumbi, ndo mana'ake mtu anasema "nimeosha juzi na ishachafuka tena".

Na anza asubuhi, saa moja saa mbili. Ukianza alasiri gari italala mbichi, na gari iliyolala mbichi vioo vimefungwa, basi tena.

Mchanga wa pwani hautoki kwenye kapeti, napiga vakyum mpaka nachoka

Mchanga wa Paje na Jambiani si kama mchanga wa kujengea. Ule ni matumbawe na makome yaliyosagika, chokaa tupu, laini kama unga, unaingia baina ya nyuzi na kukaa kule chini. Vakyum peke yake inachukua wa juu tu. Kapeti zinazotoka zigeuze kichwa chini uzipige kwa nyuma na mpini wa ufagio, utastaajabu unachokiona. Zile zisizotoka, mmoja apige kapeti kwa kiganja au mpini na mwengine aende na vakyum palepale penye kupigwa, mchanga ukirushwa juu unavutwa. Kwenye reli za siti sogeza siti mbele mpaka mwisho, safisha, irudishe nyuma mpaka mwisho, safisha. Usitie grisi nyingi kwenye reli ati siti iteleze, mchanga wote utahamia hapo.

Na dashibodi yenye mchanga usiipanguse na kitambara kikavu. Chokaa laini kwa mwamba lakini kwa plastiki ni ngumu, unachora mistari midogo midogo ambayo jua la saa nne likipiga utaiona yote. Puliza kwanza au tumia brashi laini, ndo uje na kitambara kibichi.

Mgeni kakaa na nguo mbichi za kuogea baharini, leo siku ya tatu siti bado ina unyevu. Mbona haikauki na jua lote hili?

Na haitokauka, hata ukiianika wiki nzima. Umeshaona chumvi jikoni masika inavyoloa yenyewe ndani ya kibakuli bila mtu kutia maji? Hiyo siti yako imekuwa hivyo hivyo. Chumvi ya bahari inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ina unyevu wa kuigaia Dodoma nzima. Mchana inakauka kidogo, usiku inaloa tena.

Dawa yake ni maji baridi, tena matamu, si ya kisima chenye chumvi maana visima vya karibu na pwani vingi vina magadi na chumvi ndani yake na utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Onja kwanza. Pulizia maji kidogo kidogo kwenye eneo lote si pale penye doa tu, kandamiza taulo kavu ukalie kabisa kwa uzito wako, inuka, badilisha taulo, rudia mara nne tano. Kama una vakyum ya kuvuta maji hapo ndo pahala pake. Doa jeupe la duara likibaki pembeni mana'ake chumvi imehamia hapo, rudia hapo.

Halafu fungua milango yote minne na buti, gari ielekee upepo, uweke feni ya nyumbani ipulize kwenye siti. Upepo unakausha kuliko jua, hili watu hawaamini. Wakati wa kusi gari inakauka nusu siku, wakati wa masika hata siku mbili hazitoshi.

Kitu cha kujihadhari: chini ya siti za mbele kuna nyaya, na zile zenye kichwa cha njano ni za eabegi (ile mifuko ya hewa inayofura gari ikigonga) na mikanda. Usizimwagie maji wala usizichomoe ati unataka kutoa siti uioshe nje. Kutoa siti ni kazi ya fundi umeme anayejua kuchomoa betri kwanza na kusubiri.

Kanga kwenye siti inasaidia au ni urembo tu?

Inasaidia sana, na mimi ndo nnawaambia wenye gari za kukodi kila siku. Kanga kuukuu au taulo nene juu ya siti, mgeni akitoka baharini anakalia, jioni unaivua unaifua. Zile siti kava za nailoni zisizopumua sizipendi, maji yakiingia chini yake yanakaa hukohuko na wewe huyaoni.

Na wale walioagiza gari Japani mwaka wa tatu huu na bado hawajaivua ile nailoni ya kiwandani kwenye siti, jamani. Gari si sofa ya sebuleni kwa bibi. Jasho na unyevu vinanaswa chini yake, siku ukiivua utakuta koga imechora ramani ya Pemba.

Gari imekaa wiki tatu bila kuendeshwa, nimefungua nimekuta koga, ule ukungu mweupe, kwenye usukani, mikanda na siti

Hili ndo swali la Aprili na Mei, simu haipumziki. Koga ikipata unyevu inaanza ndani ya siku moja mbili, na chakula chake ni mafuta ya mikono yetu na jasho, ndo mana'ake inaanzia kwenye usukani, kwenye gia na kwenye mkanda. Fanya hivi.

Toa gari nje, fungua milango yote, vaa barakoa, ile hewa ya ndani usiivute. Usipige brashi kavu, unarusha mbegu zake zende kwenye paa na kwenye AC. Pangusa na kitambara chenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kila upande wa kitambara utumie mara moja kisha geuza, kikichafuka kitupe usikirudishe kwenye ndoo. Ngozi usiiache na siki muda mrefu, pangusa mara moja, fuata na maji, kausha. Kisha jua. Hapa jua lina kazi, koga hailipendi, iache gari wazi kuanzia saa tatu mpaka saa tisa.

Baada ya hapo tafuta maji yalitoka wapi, maana koga ni moshi tu. Inua kapeti ya chini ushike ule mkeka wa sponji kwa mkono. Ukiwa umelowa basi ama mpira wa mlango umechoka, ama mfereji wa chini ya kioo cha mbele umeziba kwa majani (anayeegesha chini ya mwembe au mkungu anajijua), ama bomba la maji ya AC limeziba. Usipopatengeneza hapo, utaniona kila mwaka, na mimi sina tatizo na hilo, lakini pesa ni zako.

Kuzuia: hata kama husafiri, iwashe na uizungushe kila baada ya siku tatu nne, AC ikiwa imewashwa maana AC inakausha hewa. Mtu yupo Oman au Dubai miezi miwili gari kaifungia uani, mwachie ndugu ufunguo.

Mafuta ya nazi kwenye dashibodi, mbona yanang'arisha vizuri tu?

Yanang'arisha siku ya kwanza. Siku ya tatu yameshika vumbi, wiki ya pili yananuka kama kifuu kilichosahauliwa juani, maana mafuta ya kula yanaoza kwa joto, na dashibodi yenye gari imefungwa juani inaweza kufika nyuzi 70. Tena yanarudisha mwanga kwenye kioo, unaendesha unajiona dashibodi yako mbele badala ya kumuona mwenye baskeli. Mafuta ya nazi wallahi ni ya nywele na ya mwili, yaacheni huko.

Zile dawa za chupa zenye kung'aa sana kama mafuta nazo ni mtihani wa aina hiyo hiyo, haziozi lakini zinateleza na zinang'aa kiooni. Kama unataka kutia kitu, nunua iliyoandikwa ina kinga ya jua na inaacha rangi ya kawaida isiyong'aa, tia kwenye kitambara si kwenye plastiki, kidogo, kisha pangusa na kitambara kikavu mpaka kiganja kisiteleze. Usukani, gia, pedeli, hapo usitie chochote kile. Mguu ukiteleza kwenye breki sokoni Darajani pale penye watu, hapana dashibodi itakayokufaa.

Lakini nikwambie ukweli, plastiki haina njaa ya mafuta. Haili. Inachotaka ni kivuli. Jua linakausha vile vitu vinavyoifanya iwe laini, vinatoka kama mvuke, na ule utando wa mafuta unaouona kwa ndani kwenye kioo cha mbele ndo wenyewe sehemu yake. Kadibodi ya boksi la tende ukikata sawa na kioo chako inatosha, au mkeka mdogo wa ukili, mimi nnao, wanangu wanaucheka lakini dashibodi yangu haina ufa hata mmoja.

Dashibodi yangu inanata kama imemwagiwa asali, nimepangusa mara kumi

Hiyo haitoki kwa kupangusa. Kuna baadhi ya gari za Kijapani za miaka ya 2000 plastiki yake ya juu kwenye joto na unyevu inavunjika yenyewe, inang'aa na kunata, na kila dawa unayotia unaizidishia. Pangusa na maji na sabuni kidogo, kausha, weka kifuniko cha kitambaa kilichokatwa kwa gari yako. Dawa kamili ni kubadilisha au kuivisha upya kwa fundi wa siti.

Urojo umemwagika siti ya nyuma!!

Nnajua, nnajua. Pole. Kwanza usisugue. Chota zile bajia na viazi na kachori kwa kijiko, kuelekea katikati ya doa usije ukalipanua. Kisha taulo la karatasi, kandamiza, inua, kandamiza. Urojo una vitu vitatu na kila kimoja kina yake: unga, mafuta, na manjano. Unga na mafuta yanatoka na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, unapiga povu ndo unatumia povu lenyewe si maji, dodoki laini au mswaki wa zamani, halafu unafyonza na taulo.

Manjano inabaki. Sasa watu hapa ndo wanakimbilia jiki na kuharibu siti. Rangi ya manjano haistahamili jua, inafifia yenyewe. Ondoa mafuta yote kwanza, lowesha kidogo, egesha gari jua lipige pale pale, kutwa mbili tatu utaona imepauka, mara nyingi inakwisha kabisa. Mama zetu wanaanika kanzu zenye mchuzi juani kwa sababu hiyo hiyo, hii si elimu ngeni. Ila kioo ukishushe, kupitia kioo inakwenda taratibu.

Ukwaju na juisi za Ramadhani: maji baridi, siki kidogo, taulo. Usiache mpaka baada ya tarawehe.

Maziwa, tui, damu, matapishi ya mtoto?

Maji baridi, yasiwe ya moto abadan. Maji ya moto yanapika maziwa na damu ndani ya nyuzi kama unavyopika yai. Maziwa ndo mabaya zaidi kwenye gari, uvundo unakuja siku ya pili na unazidi kila jua likitoka. Tafuta sabuni ya unga ya kufulia ile iliyoandikwa ina vimeng'enya (enzymes), changanya na maji baridi, loweka doa robo saa, fyonza, suuza, fyonza. Kama yamefika kwenye sponji kapeti lazima iinuliwe, hapana njia ya mkato.

Tulimbeba bibi harusi, hina imeshika kwenye siti ya ngozi

Mabruk, lakini mtihani. Hina inashika ngozi kwa sababu ile ile inayoshika mkono, na siti ya ngozi ya kweli ni ngozi kama mkono tu. Kinachokuokoa ni kuwa siti nyingi za ngozi za gari zimepakwa rangi na utando juu, basi ukiwahi ndani ya dakika chache na kitambara kibichi inatoka. Ikilala, ukaisugua na spiriti, utatoa hina na rangi ya siti pamoja. Siti za kitambaa zina nafuu, nyuzi zake nyingi ni za viwandani na hina haizipendi sana, piko lakini ni rangi nyengine kabisa, hiyo usijipe matumaini. Tandikeni shuka kabla, shuka jeupe linapendeza hata kwenye picha.

Gari inanuka shombo. Nikifukiza udi itaondoka?

Hapana, itanuka shombo la udi.

Mimi si adui wa udi, nyumbani kwangu Ijumaa hapakosi. Lakini udi na ubani vinafunika tu, na moshi wake unaacha utando kwenye paa na vioo ambao baadae unaupangusa na kitambara kinatoka cha rangi ya chai. Na chetezo chenye makaa kukiweka kwenye gari, kwenye sponji na nailoni, kuna siku utafukiza gari nzima. Ukitaka harufu, fukiza nguo nyumbani uje nayo ndani ya gari.

Shombo unalijua dawa yake tangu mdogo, ulimuona mama anaosha samaki na nini? Ndimu. Shombo linakufa kwa kitu kichachu. Siki kikombe kimoja maji vikombe viwili, au ndimu iliyochujwa vizuri isiwe na nyama, pangusa pale palipovuja maji ya samaki, tena fuata maji matupu maana ndimu ikibaki na sukari yake inaita sisimizi. Kisha bekingi soda kavu mwagia kapeti usiku, asubuhi vakyum. Si wakati mmoja na siki lakini, vikikutana vinauana vinabaki maji na povu, watu wanalipenda lile povu lakini halina kazi.

Anayechukua samaki Malindi au dagaa kila siku anunue beseni lenye mfuniko akatilie buti karatasi ya nailoni nene, ndo jibu.

Doriani ni hadithi nyengine. Doriani haliachi doa, ni hewa tu, fungua vioo endesha mpaka Bububu na kurudi. Likiwa halijapasuka lifunge mifuko miwili. Likiwa limepasuka mpe rafiki aliye na pikapu.

AC ikiwashwa inatoa harufu ya soksi mbichi

Fungua kile kidroo cha mbele ya abiria, kwenye Toyota nyingi ukikibana pembeni kinashuka chote, nyuma yake kuna filta. Itoe uitazame. Nimeshatoa filta zenye majani, mabawa ya mende, na mara moja kitambulisho cha skuli cha mtoto. Hazifuliwi zile za karatasi, ni kubadilisha, na vitabu vya gari vingi vinasema kilomita elfu 15 mpaka 20, kwa njia za vumbi za huku shamba mimi nasema nusu yake.

Harufu yenyewe inatoka kwenye kile kipoza hewa ndani, kinatoa jasho AC ikifanya kazi, ukizima gari ghafla kinabaki kibichi na kiza, koga inafurahi. Dakika tatu nne kabla hujafika nyumbani zima kitufe cha AC uache feni ipige peke yake, kikauke. Haina gharama yoyote hii. Na angalia chini ya gari AC ikiwa imewashwa, lazima idondoshe maji. Haidondoshi na miguuni kwa abiria kuna majimaji? Bomba limeziba, fundi AC dakika kumi.

Siti za ngozi nizipake nini?

Karibu hapana kitu. Kwa vile zina utando juu mafuta hayaingii, yanakaa juu. Maji, sabuni laini kidogo sana, brashi laini kwenye mishono, kausha. Losheni ya ngozi ya gari mara mbili tatu kwa mwaka inatosha. Sabuni ya unga na ya mche ni kali kwa ngozi, na sanitaiza ya mikono ile ya spiriti, tangu enzi za korona naona usukani uliobabuka rangi pale pale mtu anaposhikia, subiri mkono ukauke kabla hujashika.

Na wengi wenu mnaosema ngozi ni vinaili, plastiki ya kuigiza ngozi, ambayo haitaki losheni kabisa.

Jiki? Petroli? Mafuta ya taa?

Jiki haipandi ndani ya gari, inakula rangi na nyuzi. Kuichanganya na siki inatoa hewa ya sumu, na na dawa za vioo zenye amonia vile vile, na gari ni chumba kidogo. Petroli na mafuta ya taa yanatoa grisi kweli lakini mvuke wake unajaa ndani na cheche ndogo tu ya swichi inatosha. Nnajua mafundi wanafanya. Mimi nakataa.

Kuna alama nyeupe za mikono kwenye plastiki za milango, hazitoki kwa sabuni

Gari ya kukodi hiyo, siulizi. Mafuta ya kujikinga na jua. Wageni wanajipaka mpaka kwenye nyayo halafu wanashika mlango. Sabuni ya vyombo ya uvuguvugu na mswaki, rudia, mwisho zitatoka kama hazijapita wiki. Zilizopigwa na jua mwezi mzima nyengine zinakuwa za milele. Mbaya zaidi ni dawa ya mbu, zile zenye diiti (chupani imeandikwa DEET) zinayeyusha baadhi ya plastiki na rangi, nimeona alama za vidole vitano kwenye dashibodi kama mtu katia saini. Wakabidhini wageni kitambara pamoja na ufunguo, na waambieni wajipake nje ya gari.

Na mafuta ya karafuu?

Hili wananiuliza ndugu zangu wa Pemba tu. Magunia ya karafuu kavu hayana neno, harufu inakaa mwezi na wengi wanaipenda. Mafuta ndo hatari, yale ya chupa kutoka kiwanda cha makonyo Wawi, yakimwagika kwenye kishikio cha vikombe yanalainisha baadhi ya plastiki, futa hapo hapo na kitambara cha sabuni usisubiri kufika bandarini Mkoani. Chupa isimame ndani ya bilauri ya kioo, ndani ya mfuko.

Vioo kwa ndani vina ukungu wa mafuta, na tinti, na ile skrini

Vioo: maji na siki kidogo, maikrofaiba mbili, moja bichi moja kavu. Yenye tinti usitumie dawa ya amonia, inatafuna ile karatasi. Skrini kitambara cha maikrofaiba chenye unyevu kidogo tu, usipulizie maji moja kwa moja.

Mikanda imekuwa myeusi

Ivute yote mpaka mwisho, ibane na klipu ya kuanikia nguo isirudi, sabuni laini na brashi kufuata nyuzi, suuza kwa kitambara, iache hivyo ikauke kabisa kutwa nzima ndo uiachie. Ikirudi mbichi inaota koga ndani usipoiona. Jiki au rangi kwenye mkanda ni haramu, inadhoofisha nyuzi, na huo mkanda ndo roho yako.

Paa limening'inia kama chandarua

Gundi imekufa kwa joto, sponji yake imekuwa unga. Usioshe, mpelekee fundi wa siti. Paa zima lisilo na tatizo lipanguse kwa povu tu, ukililowesha ndo unaanza safari hiyo hiyo.

Mende na sisimizi

Kuna chakula. Tafuta chini ya kiti cha mtoto na baina ya siti na kile kisanduku cha katikati, utakuta mkate wa mofa wa Ramadhani iliyopita. Safisha kwanza, kisha dawa ya mende ya gundi matone machache chini ya siti, si ya kupulizia maana utaivuta wewe na AC.

Unakuja Pemba?

Nakuja, inshallah, gari zikifika tatu nne za Chake au Wete pamoja nafunga vyombo napanda boti. Lakini msinipangie wiki ya mvua, nikifika inanyesha nikaosha siti kumi na nne za Hiace tutazianika wapi?